Mtihani wa Moyo: Tunavyojiandaa kwa Upasuaji Bila ya Kuacha Michezo



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu wasomaji, walimu wetu na wazazi wetu, sisi ni ndugu wanne wa tumbo moja, wakazi wa Ngamiani hapa Tanga. Watatu kati yetu bado tunasoma katika madrasa hii. Wa pili wetu, mwenye miaka 18, alihitimu hapa na sasa amemaliza kidato cha nne. Huyo ndiye mgonjwa tunayetaka kumzungumzia, na naye amekaa nasi tukiandika. Ameomba jina lake lisitajwe, kwa hiyo tutamwita Winga, kama anavyoitwa uwanjani, kwa sababu amecheza winga ya kulia tangu akiwa mdogo.

Tunaandika makala hii zikiwa zimebaki siku 12 kabla ya safari ya kwenda Dar es Salaam, ambako Winga atafanyiwa upasuaji wa valvu ya moyo. Ustadh wetu ndiye aliyetutaka tuandike, kwani wanafunzi wengi wamekuwa wakituuliza maswali. Wengine wanauliza kwa nini mgonjwa wa moyo anaonekana kila asubuhi akitembea kwa miguu. Wengine wanauliza kwa nini anacheka.

UGONJWA WENYEWE

Mwaka jana Winga alianza kuchoka kabla ya nusu ya kwanza ya mechi kwisha. Sisi tulidhani ni jua. Baadaye akawa anakohoa usiku, na akawa hawezi kulala mpaka aweke mito miwili au mitatu. Zahanati moja ilimpa dawa za pumu, akazitumia kwa wiki kadhaa bila ya nafuu. Mwisho Baba alimpeleka hospitali kubwa. Daktari aliyemsikiliza kifuani alisikia mlio usio wa kawaida baina ya mapigo ya moyo, akaandika barua ya rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyopo Muhimbili.

Huko alifanyiwa kipimo cha eko, ambacho huonesha moyo kwenye skrini ukiwa unapiga. Baba alikuwepo, na aliporudi alituchorea kwenye daftari. Moyo wa mtu unakaribia ukubwa wa ngumi yake mwenyewe, na hupiga takriban mara 100,000 kwa siku moja. Una vyumba vinne na valvu nne. Valvu ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu: damu ikishapita, mlango hujifunga ili isirudi ilikotoka. Valvu ya Winga inayoitwa mitrali, iliyo upande wa kushoto baina ya chumba cha juu na cha chini, haijifungi sawasawa. Kila moyo unapopiga, sehemu ya damu inarudi nyuma kuelekea kwenye mapafu. Ndiyo maana alikuwa akikosa pumzi akilala chali.

Chanzo chake, daktari alisema, ni homa ya baridi yabisi. Mtoto huumwa koo kwa sababu ya bakteria wanaoitwa streptokokasi. Asipopata dawa inayofaa, wiki mbili au tatu baadaye kinga ya mwili wake inaweza kuchanganyikiwa ikaanza kushambulia mwili wenyewe: viungo, ngozi na valvu za moyo. Homa hupita, magoti hupona, lakini valvu hubaki na makovu. Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, yaani umri wa wengi wanaosoma gazeti hili.

MASHARTI YA DAKTARI KUHUSU MAZOEZI

Winga aliposikia neno upasuaji, swali lake la kwanza lilikuwa la mpira. Daktari akamwambia mambo mawili. La kwanza, mechi basi, mbio za kasi basi, na kubeba vizito basi, mpaka baada ya matibabu. La pili, asikae kitako. Mtu anayeingia kwenye upasuaji akiwa na miguu yenye nguvu na mapafu yaliyozoea kazi hunyanyuka kitandani mapema kuliko aliyelala miezi mitatu akijihurumia. Kwa hiyo akamruhusu kutembea kwenye tambarare, taratibu, kwa kipimo hiki: awe anaweza kuzungumza sentensi nzima bila ya kukatika pumzi. Akisikia kizunguzungu, maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio, asimame pale pale na apelekwe hospitali.

Tunasisitiza jambo hili, ndugu wasomaji, kwa sababu wagonjwa hawafanani. Yapo maradhi ya valvu ambayo hata kutembea haraka ni hatari. Mwenye ugonjwa wa moyo asiige mazoezi ya Winga. Aende kwa daktari wake apewe ya kwake.

Basi tukaanza. Baada ya swala ya Alfajiri tunatoka sote wanne kuelekea upande wa Raskazone, kabla jua halijawa kali. Wiki ya kwanza tulitembea dakika 10 tu, kwenda na kurudi. Sasa tunatembea dakika 30, na tunapumzika mara mbili. Kipimo cha pumzi tumekifanya kuwa kisomo. Winga anasoma Suratul Fatiha kwa sauti ya kawaida huku anatembea. Akiweza kusimama pale tu panapostahiki kusimamwa, tunaendelea. Akilazimika kuvuta pumzi katikati ya aya, tunapunguza mwendo. Mdogo wetu wa mwisho, mwenye miaka 9, ndiye msimamizi wa hukumu hii, naye hana huruma hata kidogo. Siku moja alitusimamisha mara nne mpaka Winga akamwambia kuwa angefaa kuwa refa.

Tukirudi nyumbani anapima uzito kabla ya kula. Mzani huu una maana yake: uzito ukipanda kilo mbili katika siku chache si unene, ni maji yanayojikusanya mwilini kwa sababu moyo hausukumi vizuri, na daktari lazima aambiwe. Ndiyo sababu Mama amepunguza chumvi kwenye chungu cha nyumba nzima. Ng'onda na achari hazionekani tena mezani. Sisi watatu wenye afya tulinung'unika siku mbili, kisha tukazoea ndimu na tangawizi.

Ipo pia kazi ya mapafu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa kifaa cha plastiki chenye vigololi vitatu. Mtu anavuta pumzi kwa mdomo kupitia mrija mpaka vigololi vinyanyuke, na anajitahidi kuvishikilia juu. Baada ya upasuaji, kifua kinapouma, wagonjwa huogopa kuvuta pumzi ndefu, na mapafu yasipofunguka hushika maradhi. Kwa hiyo anajifunza sasa. Vilevile anajifunza kukohoa akiwa amekumbatia mto kifuani, na kunyanyuka kitandani kwa kugeukia ubavu bila ya kujisukuma kwa mikono, kwani mfupa wa kifua utakaokatwa huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Amejizoeza pia kuswali kwenye kiti, ili siku hiyo ikifika isiwe ngeni kwake.

Michezo katika dini yetu si upuuzi. Kila mwanafunzi wa madrasa anajua kuwa Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.). Lakini tumejifunza kuwa mwanamichezo hajulikani kwa mechi tu. Mazoezi ya Winga siku hizi hayana watazamaji, hayana kombe, na mshindi wake ni yule aliyetii kiasi alichopangiwa.

UAMUZI MGUMU

Sasa tufike kwenye jambo lililotukosesha usingizi. Daktari bingwa alieleza kuwa njia ni tatu. Njia ya kwanza ni kuitengeneza valvu yake mwenyewe, na hiyo ndiyo bora ikiwezekana. Lakini valvu iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi mara nyingi huwa imekakamaa, na mpasuaji huwa na hakika kamili anapoiona kwa macho, mgonjwa akiwa amelala. Ikishindikana, valvu hubadilishwa. Hapo kuna valvu iliyotengenezwa kwa tishu za mnyama, na kuna valvu ya kutengenezwa kiwandani kwa kaboni na madini.

Valvu ya tishu haimlazimishi mtu kunywa dawa kali maisha yake yote, lakini huchakaa. Kwa mtu mzima sana inaweza kukaa miaka 10 hadi 15 au zaidi. Kwa kijana huchakaa mapema, kisha hupasuliwa tena, na upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza kwa sababu ya makovu. Valvu ya kiwandani inaweza kudumu umri mzima, lakini damu hupenda kuganda juu yake. Kwa hiyo mtu hunywa warfarini kila siku, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Mwenye kunywa warfarini akiumia hutoka damu nyingi, ndani na nje. Maana yake kwa Winga ni moja: mpira wa miguu, wenye kugongana vichwa na kukwatuana, hautamfaa tena.

Baadhi ya valvu za tishu hutokana na nguruwe, na hilo nalo lilimtia Bibi wasiwasi mkubwa. Baba alimuuliza daktari na akamuuliza Ustadh. Daktari alisema zipo pia zinazotokana na ng'ombe. Ustadh alieleza kuwa wanavyuoni wamelizungumza suala hili katika mlango wa dharura, na kwamba pale penye badala iliyo halali na inayofaa, hiyo ndiyo itangulizwe. Bibi alitulia.

Lililobaki ni baina ya miguu ya Winga na umri wake. Baba alitaka valvu ya kudumu. Winga alitaka ya ng'ombe ili aweze kucheza. Tulikaa barazani baada ya Isha, na hakuna aliyegombeza mwenziwe, lakini kila mtu aliingia ndani akiwa mzito. Baba akasema: "Mwanangu, wewe ni mtu mzima, na fomu utaitia saini mwenyewe. Sisi tutakushauri tu." Winga akaomba wiki moja.

Wiki hiyo alitembea kimya. Siku ya saba, tukiwa njiani kurudi, alituambia kuwa ataomba itengenezwe valvu yake kwanza, na ikishindikana awekewe ya kiwandani. Kaka yetu mkubwa akamuuliza, "Na mpira?" Akajibu, "Sitaki Mama akae nje ya mlango ule mara mbili."

Kwa hiyo ndugu yetu ataingia chumba cha upasuaji bila ya kujua kama atazinduka akiwa mchezaji au mtazamaji. Hilo ndilo tunalomuombea dua kila siku, na hatulifichi.

MATUMAINI YANATOKA WAPI?

Wapo wanaodhani kuwa kuwa na matumaini ni kukataa kusikia habari mbaya. Nyumbani kwetu imekuwa kinyume chake: kila tulipoelewa zaidi, hofu ilipungua.

Kwanza, tumejua kuwa kazi hii si ngeni. Mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati moyo umesimamishwa ilitumika kwa mafanikio kwa mara ya kwanza mwaka 1953, na daktari John Gibbon kule Marekani. Hapa nchini, upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walisubiri kupelekwa India. Tangu mwaka 2015 tunayo taasisi maalumu ya moyo, na mtu anatoka Tanga asubuhi anafika jioni.

Pili, tumejifunza habari za Nwankwo Kanu wa Nigeria. Mwaka 1996 aliiongoza nchi yake kupata dhahabu ya Olimpiki, na mara baada ya hapo, alipojiunga na Inter Milan, vipimo vilionesha kuwa ana kasoro kwenye valvu ya moyo. Alipasuliwa Marekani mwezi Novemba mwaka huo huo, na mwaka 1997 alirudi uwanjani. Akachezea Arsenal, akafunga bao pekee la Portsmouth katika fainali ya Kombe la FA mwaka 2008, na akacheza Kombe la Dunia la 2010. Mwaka 2000 alianzisha mfuko wa kuwasaidia watoto wenye maradhi ya moyo. Daktari alituonya kuwa valvu ya Kanu ilikuwa nyingine na ugonjwa wake mwingine. Winga analijua hilo. Hata hivyo, anapenda kukumbuka kuwa mtu alifungua kifua kisha akafungua mabao.

Tatu, tunaulizana maswali waziwazi. Siku moja tukila, mdogo wetu alimuuliza Mama: "Moyo wa kaka ukisimamishwa, imani iliyomo ndani itakwenda wapi?" Sote tukaacha kula. Mama akamjibu: "Wewe ukilala usingizi, imani yako inakwenda wapi? Kaka yako atakuwa amelala." Mtoto akaridhika, na sisi wakubwa tukaridhika zaidi.

Nne, na hili ndilo la msingi, tunajua kuwa dua na sababu hazigombani. Kisa cha yule bedui na ngamia wake kila mwanafunzi hapa anakijua. Winga ameshapima meno, na jino moja bovu limeng'olewa, kwani vijidudu vya mdomoni huweza kupita kwenye damu vikajenga kwenye valvu. Mswaki wake haukauki. Wachezaji wenzake waliotimiza miaka 18 wamejitolea damu. Mwezi wa Ramadhani aliambiwa asifunge kwa sababu ya dawa za kutoa maji, na akakubali ruhusa hiyo bila ya unyonge. Siku hizo atazilipa akipata nguvu, inshaallah. Kuhusu gharama hatutasema mengi, ila kwamba jamaa na majirani wamefanya zaidi ya tulivyotarajia, na Allah awalipe.

Jioni Winga huenda uwanjani, hukaa pembeni na saa mkononi, na huwafundisha wadogo wa madrasa namna ya kupiga krosi. Ameshajua kuwa kocha huona mambo ambayo winga hayaoni. Mdogo wetu wa kiume, anayemfuata, ameshamwomba zile njumu zake mara mbili. Jibu ni lile lile: "Subiri nirudi kwanza."

NASAHA KWA WANAFUNZI NA WAZAZI

Kutokana na tuliyojifunza, tunatoa nasaha zifuatazo:

1. Mtoto akiumwa koo ghafla, akawa na homa, akameza kwa taabu na tezi za shingo zikavimba, hasa bila ya mafua wala kikohozi, apelekwe kituo cha afya. Si kila koo ni la hatari, lakini mwenye kuweza kupambanua ni mtaalamu.

2. Akipewa dawa, amalize dozi yote hata kama koo limepona siku ya pili.

3. Mtoto anayelalamika viungo kuvimba na kuuma, leo goti kesho kiwiko, pamoja na homa, asiambiwe tu kuwa anakua. Apimwe.

4. Aliyewahi kupata homa ya baridi yabisi hupewa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, na mara nyingi hata baada ya upasuaji. Asiruke hata moja. Winga anachomwa, na sisi humsindikiza.

5. Mchezaji anayechoka kuliko wenzake, anayezimia au anayekosa pumzi akilala, asiitwe mvivu. Mwambieni mwalimu na mzazi.

6. Tukikohoa tufunike midomo, na tunaolala wengi chumba kimoja tufungue madirisha.

7. Mwenye mgonjwa nyumbani atembee naye. Mgonjwa akiachiwa mazoezi yake peke yake huyaona ni adhabu. Akifuatana na watu huyaona ni matembezi.

Mwisho, ndugu wasomaji, gazeti hili likiwafikia huenda upasuaji umeshafanyika. Tunakuombeni mumkumbuke ndugu yetu katika dua zenu, pamoja na wagonjwa wote waliolala wodini na wasio na wa kuwatembelea. Mkimwona Raskazone asubuhi, msimwonee huruma. Mpeni salamu, naye ataitikia kwa sentensi nzima.

Ewe Mola, mponye ndugu yetu na wagonjwa wote, waongoze madaktari na wauguzi mikono yao, na utupe subira katika kila utakalotupangia. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Ni sisi ndugu zenu wanne,
Ngamiani, Tanga.